Ziara ya Siku Moja Katika Makumbusho ya Reli

Jumamosi iliyopita, familia za mtaa wetu, wazee kwa watoto, tulisafiri kwa treni ya usiku kutoka Mombasa kwenda kuyazuru Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Alhamdulillahi, tulifika salama, tukasali Alfajiri kwa jamaa, kisha tukaelekea mjini.

Uwanjani zimepangwa injini za mvuke zilizokwisha kustaafu. Iliyotustaajabisha zaidi ni Mount Gelai ya daraja la 59, iliyoundwa Manchester, Uingereza. Zilikuwa 34, zote zikipewa majina ya milima, na katika reli ya upana wa mita moja hazikuwa na mfano wake duniani kwa ukubwa. Mzee mmoja wa msafara wetu, aliyekuwa mchochea moto katika ujana wake, aliwaonyesha wajukuu mahali alipokuwa akisimama, akawaeleza kwamba injini hizo zilichoma mafuta mazito, wala si makaa. Watoto waliozoea kumwona barazani na mkongojo wake wakanyamaza kimya kumsikiliza.

Karibu na hapo lipo behewa ambamo Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, alinyakuliwa na simba huko Kima mwaka 1900, akiwa amepitiwa na usingizi katika kumvizia. Msichana mmoja akauliza: "Na wale wengine waliokufa, wako wapi?"

Swali hilo lilitugusa. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, Waislamu wa Punjab wakiwa miongoni mwao, na takriban 2,500 walifariki kwa maradhi, ajali na wanyama wakali. Jina la Ryall limehifadhiwa. La kibarua mmoja, nani kati yetu awezaye kulitaja?

Labda tutamtaja Seyyid Baghali, aliyefanya kazi katika ujenzi huo, na ambaye kaburi lake liko Mackinnon Road, kando ya reli. Wasafiri wengi husimama kusali katika msikiti wa hapo na kumwombea dua. Waliobaki wamelala bila alama.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Nasi, wazee wetu wa reli wangali hai, tuketi nao, tuwasikilize, na tuyaandike majina wanayoyakumbuka.