Kiweko Kabla ya Darubini: Uteuzi wa Vifaa vya Kupigia Picha za Nyota na Utatuzi wa Hitilafu Zake Busia na Tororo

1.0 Utangulizi

Miongozo mingi ya upigaji picha za nyota kwa wasio wataalamu iliandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi mbali na ikweta, Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Kwa msomaji wa huko hatua ya kwanza ni nyepesi: aitafute Nyota ya Kaskazini, auelekeze mhimili wa kiweko kwenye nyota hiyo, kisha aanze kazi. Mji wa Busia, wenye pande mbili, wa Kenya na wa Uganda, uko takribani digrii 0.46 kaskazini mwa ikweta. Tororo iko takribani digrii 0.69. Huko hatua hiyo ya kwanza haiwezekani. Makala haya yanaeleza sababu zake na kutetea hoja kwamba klabu ya shule au chuo inayoanza kwa kununua darubini kubwa katika ukanda huu huwa imekosea mpangilio. Cha kuamuliwa kwanza ni kiweko, na kiweko huamuliwa na latitudo.

2.0 Ncha iliyolala kwenye upeo

Kimo cha ncha ya anga juu ya upeo ni sawa na latitudo ya mtazamaji. Nyota ya Kaskazini yenyewe haiko kwenye ncha hasa, bali imeachana nayo kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Kwa hiyo kwa mtazamaji wa Busia haipandi hata upana wa vidole viwili vya mkono ulionyooshwa, na kimo hicho humezwa na miti, vumbi na moshi.

Tatizo la pili ni la kimakanika. Viweko vingi vya kiikweta, yaani vile vyenye mhimili unaolingana na mhimili wa dunia, haviwezi kuteremshwa hadi karibu na sifuri. Hata vinavyoteremka, fimbo ya uzani huweza kugonga mguu wa tripodi usiku wa manane, picha ikiwa katikati. Mnunuzi hana budi kuuliza kiwango cha chini cha latitudo cha kiweko, na kama kuna nguzo fupi ya kukiinua juu ya tripodi. Maswali hayo mawili yana uzito kuliko kipenyo cha darubini.

Latitudo hiyo hiyo, hata hivyo, ina fadhila zake. Mhimili unaokaribia kulala kabisa unaweza kusawazishwa kwa pimamaji ya fundi mwashi: digrii 0.46 ni sawa na kuinua ncha ya kaskazini kwa milimita 8 katika kila mita, na Tororo milimita 12. Mstari wa kaskazini na kusini nao hupatikana kwa kivuli cha uzi wa timazi. Saa za Afrika Mashariki hufuata longitudo ya digrii 45 mashariki ilhali miji hii iko karibu na digrii 34. Kwa hiyo jua hukata meridiani wastani wa dakika 43 baada ya saa sita mchana, likiwahi au kuchelewa hadi takribani robo saa kutegemea mwezi. Juni na Desemba uzi wa mita 2 hutoa kivuli cha sentimita 85 hadi 90. Machi na Septemba kivuli karibu kinatoweka na njia hii haifai. Kosa la dakika moja hupotosha mstari kwa zaidi ya nusu digrii, hivyo usahihi wa mwisho hutafutwa usiku: huchaguliwa nyota iliyo karibu na utosi, na ikiwa inateleza kuelekea kaskazini au kusini, kiweko huzungushwa kidogo kidogo hadi mtelezo ukome.

3.0 Viweko vya bei nafuu

Kiweko chenye mota kinachopanda, kushuka na kuzunguka tu hudharauliwa katika miongozo kwa sababu picha hujizungusha ndani ya fremu. Dharau hiyo si ya haki kwa Busia. Mkanda wa Orioni umekaa karibu kabisa na ikweta ya anga. Hapa huchomoza mashariki na kupanda wima, na mzunguko wa picha huwa karibu na sifuri hadi unapokaribia utosi. Kilimia ni habari nyingine. Kinapokata meridiani upande wa kaskazini, picha huzunguka kwa kasi ya digrii 37 hivi kwa saa. Katika sekunde 30, nyota iliyo pikseli 2,000 kutoka katikati huchora tao la pikseli kama 10.

Kwa klabu inayoanza, kamera iliyotumika, lenzi pana na tripodi imara vinatosha. Kanuni maarufu ya kugawanya 500 kwa urefu wa fokasi huruhusu sekunde 10 kwa lenzi ya milimita 50. Kwa kihisi chenye pikseli za maikromita 4, muda huo huacha mstari wa pikseli 9. Ni afadhali kupiga picha nyingi za sekunde 2 au 3 na kuzirundika kwa programu ya bure kama Siril.

4.0 Kusoma kasoro

Nyota zikiwa mistari sambamba, lawama ni ya ufuatiliaji au mwelekeo wa mhimili; zikiwa matao yanayozunguka kitovu kimoja, picha imejizungusha. Zikififia polepole zikiwa na duara la ukungu, lenzi imeshika umande, na suluhisho ni mkanda wa vipinga unaopashwa moto kwa betri ya volti 12. Kuvu ndani ya lenzi ni adui wa kudumu katika unyevu wa ukanda huu. Lenzi ihifadhiwe katika chombo kisichopitisha hewa pamoja na jeli ya silika. Mchele, ambao wengi hupendekeza, huacha vumbi.

5.0 Forodha

Katika uainishaji wa bidhaa unaotumiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, darubini na viweko vyake vimo katika kichwa 9005, na kamera za kidijitali katika 8525. Ankara inayosema tu “vifaa vya falaki” humwachia ofisa wa forodha kazi ya kukisia. Klabu ya Busia inayotaka kupanda upande wa Tororo kwa usiku mmoja inakabiliwa na swali jingine, hata baada ya kituo cha pamoja cha mpakani kuzinduliwa mwaka 2018: vifaa vinavyokwenda na kurudi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inatambua uingizaji wa muda. Kinachokosekana ni orodha fupi ya vifaa yenye namba za utambulisho, ambayo shule ingeiandaa kabla ya safari. Nakala yake moja ipelekwe kwa mwenyekiti wa LC1 au kwa naibu wa chifu, kwa kuwa watu wanaolenga mrija mrefu gizani karibu na mpaka hawakosi kuulizwa wanafanya nini.