Somo la gari la umeme la Makerere kwa nikeli ya Kahama

MKULIMA wa pamba wa Kishapu au Kahama anaijua vyema tofauti ya pamba safi na pamba fifi. Jasho ni lile lile na mzani ni ule ule, lakini bei ni mbili. Anajua pia kuwa akishauza pamba mbegu, faida ya uzi, kitambaa na shati inakwenda kwa wengine.

Jambo hilo hilo sasa linaukabili mkoa wa Shinyanga katika madini. Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, ulioanza uzalishaji mwaka 2009, ulisimamisha shughuli hizo mwaka 2021. Januari ya mwaka huo huo Serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya LZ Nickel, na kupata hisa za asilimia 16 katika kampuni ya Tembo Nickel. Mpango ni kwamba nikeli, shaba na kobalti ya Kabanga, wilayani Ngara, isafishwe Kahama katika eneo la Buzwagi, isisafirishwe nje ikiwa makinikia.

Leseni ya kusafisha madini hayo ilitolewa Machi 2024. Hata hivyo, leseni si kiwanda, na hadi mwaka 2025 mgodi wa Kabanga ulikuwa bado haujaanza uzalishaji.

Mnunuzi anayetazamiwa zaidi ni mtengenezaji wa betri za magari ya umeme. Kwa hiyo ni vizuri kufahamu jinsi gari la namna hiyo linavyozaliwa, na mfano wa karibu uko ng'ambo ya Ziwa Victoria.

Kutoka viti viwili hadi basi

Novemba 2011, Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilifanyia majaribio barabarani gari dogo la umeme la viti viwili, Kiira EV. Lilitumia betri za lithiamu na liliweza kwenda takriban kilometa 80 kabla ya kuchajiwa tena. Mwaka 2014 likafuata Kiira EV Smack, gari la abiria watano linalochanganya umeme na petroli.

Wahandisi hao hawakung'ang'ania gari dogo. Mwaka 2016 walionyesha Kayoola, basi la abiria 35 lenye paneli za sola juu ya paa. Baadaye likaja basi kubwa la Kayoola EVS, linalobeba abiria 90 na kwenda hadi kilometa 300 kwa chaji moja. Ujenzi wa kiwanda cha Kiira Motors mjini Jinja ulianza mwaka 2019, ikiwa ni miaka minane baada ya gari la kwanza kutembea.

Sababu ya kuhamia kwenye mabasi inaeleweka kiuchumi. Basi linafanya kazi kutwa nzima, linapita njia inayojulikana na kurudi kituoni kuchaji. Akiba ya mafuta inalipia bei kubwa ya betri mapema kuliko katika gari la mtu mmoja linaloshinda limeegeshwa.

Gari moja si kiwanda

Kutengeneza gari moja linalotembea ni kazi ya karakana. Kutengeneza elfu moja yanayofanana, yasiyoharibika kwenye vumbi la Geita wala tope la mbuga za Shinyanga, ni kazi nyingine. Betri hupimwa kwa joto, maji, mtikisiko na mgongano. Gari huendeshwa maelfu ya kilometa ili livunjike mikononi mwa fundi, lisivunjike mikononi mwa mteja.

Hata kampuni ya Tesla ya Marekani ilipitia hayo. Gari lake la michezo, Roadster, lilionyeshwa mwaka 2006 likiwa limepangiwa giaboksi ya gia mbili. Giaboksi hiyo ilishindwa kudumu, na uzalishaji ulipoanza mwaka 2008 ilibidi itafutwe nyingine ya gia moja. Pakiti ya betri ilikuwa na seli 6,831, na kila moja ilipaswa kuwa na ubora unaolingana na wa wenzake.

Hapo ndipo Kahama inapoingia. Mwenye betri hanunui nikeli yoyote. Ananunua iliyosafishwa kwa kiwango alichokipima mwenyewe. Nikeli yenye uchafu ni sawa na pamba fifi.

Hatari ipo

Indonesia ilizuia kuuza nje nikeli ghafi Januari 2020, viwanda vikajengwa kwa wingi nchini humo, na wingi wa nikeli yake ukachangia kushusha bei duniani. Aidha, zipo betri za lithiamu na chuma cha fosfati ambazo hazihitaji nikeli wala kobalti, na matumizi yake yameongezeka sana. Wanaopanga bajeti ya Kahama kwa kutegemea bei ya juu peke yake wanajidanganya.

Kinga ni ile ile ya mkulima mwenye busara: asilime zao moja. Eneo la Buzwagi lina nafasi ya viwanda vingine, na vijana wa Kahama na Geita wanahitaji ufundi wa umeme na maabara utakaowafaa hata nikeli ikiyumba. Makerere walianza na watu na vipimo, kiwanda kikaja baadaye. Haraka haraka haina baraka, lakini anayesubiri kiwanda kifike ndipo asomeshe fundi atabaki kufagia uwanja.