Kitambaa cha Mwezini: Kukishona, Kukifua na Kukianika

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Iringa
Wasemaji: Mwalimu na Muuguzi

Maneno ya kusoma kwanza: hedhi, sodo, unyevu, kuanika, kamba, pasi.

MWALIMU: Leo tunazungumza jambo lililomo katika kila nyumba, na karibu kila nyumba hulinyamazia. Ni vitambaa vya mwezini, ambavyo jina lake jingine ni sodo. Najua wako wababa wanaotaka kuinuka. Kaeni, wazee wangu. Fedha ya sabuni na kamba ya kuanikia hutoka mikononi mwenu pia. Ninaye hapa Bibi Muuguzi. Karibu, Bibi.

MUUGUZI: Ahsante, Bwana Mwalimu. Hamjambo wasikilizaji.

MWALIMU: Tuanze mwanzo. Hedhi ni nini?

MUUGUZI: Hedhi si ugonjwa, si uchafu, wala si laana. Kila mwezi tumbo la uzazi hujitandikia ndani utando laini wenye damu, kama mtu atandikavyo kitanda akimngoja mgeni. Mimba isipotungwa, mgeni hakuja. Basi ule utando hubomoka na kutoka nje kwa siku mbili hadi saba. Damu yenyewe ukiipima, kwa wanawake wengi ni kama vijiko vikubwa viwili au vitatu tu.

MWALIMU: Mbona huonekana nyingi?

MUUGUZI: Kwa sababu huchanganyika na majimaji mengine ya mwili, tena huenea kwenye kitambaa.

MWALIMU: Wako wasemao kwamba kitambaa ni jambo la kale, na kwamba huleta magonjwa.

MUUGUZI: Pedi za dukani ni nzuri, na anayeweza kuzinunua kila mwezi na azinunue. Lakini kitambaa hakina kosa. Kosa ni kukivaa kibichi. Sikilizeni jinsi inavyokuwa. Binti anafua usiku. Anaona haya kuanika mbele ya kaka zake, kwa hiyo anakificha kitambaa chini ya godoro. Kesho yake anakivaa kingali na unyevu. Unyevu ndio shamba la ukungu na vijidudu. Baada ya siku chache anawashwa, anachubuka mapajani, anatoa harufu mbaya, na shuleni haendi. Watu wanasema, "Kitambaa kimemdhuru." La! Haya ndiyo iliyomdhuru. Wazee walisema, mficha uchi hazai.

MWALIMU: Basi hilo ndilo somo letu: kitambaa kikavu ni salama, kitambaa kilichofichwa kibichi ni hatari. Kabla ya kuendelea, tufanye hesabu. Tuseme pakiti moja ya pedi ni shilingi 2,000, na binti anatumia pakiti moja kila mwezi. Mwaka una miezi 12. Kumi na mbili mara 2,000 ni shilingi 24,000. Nyumba yenye mama na mabinti wawili ni mara tatu, yaani shilingi 72,000 kwa mwaka. Darasa liulize bei ya duka la kijijini, kisha lifanye hesabu yake lenyewe.

MUUGUZI: Na bei haishuki kwa kutamani tu. Mwezi wa Julai mwaka 2018 Serikali ya Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike. Mwaka uliofuata, 2019, kodi hiyo ilirudishwa. Serikali ilieleza kwamba wafanyabiashara hawakupunguza bei, hivyo mnunuzi hakupata faida iliyokusudiwa. Kwa hiyo ni vema kila mwanamke ajue njia iliyo mikononi mwake mwenyewe.

MWALIMU: Sodo ya kufua hushonwaje?

MUUGUZI: Chagua kitambaa cha pamba kilicho laini: kanga iliyochakaa, shuka kuukuu, au fulana. Usitumie nailoni, kwa sababu hainyonyi maji na huzuia hewa. Kata urefu wa sentimita 25 hivi, na upana wa vidole vinne au vitano. Panga tabaka kadhaa, za kati ziwe za taulo kuukuu au flaneli, kisha shona pembeni kwa mkono au kwa cherehani. Ukipenda, ongeza mabawa mawili yenye kishikizo, yafungwe chini ya chupi ili sodo isihame.

MWALIMU: Mtu mmoja anahitaji ngapi?

MUUGUZI: Badilisha kila baada ya saa nne hadi sita, au mapema zaidi ikiwa imelowa. Kwa wengi ni sodo nne kwa siku, pamoja na ya usiku. Zikikauka kwa siku moja, nane zinatosha: nne unazivaa, nne ziko kambani. Lakini wakati wa baridi, zikihitaji siku mbili kukauka, uwe nazo 12.

MWALIMU: Sasa tuelekeze kufua, polepole, ili wanaoandika waandike.

MUUGUZI: Kwanza, loweka katika maji baridi. Maji ya moto hugandisha damu kwenye nyuzi, na doa halitoki. Pili, mwaga maji hayo chooni, kisha fua kwa sabuni na maji safi. Tatu, suuza mpaka povu liishe, kwa maana sabuni ikibaki huchubua ngozi. Nne, kamua na kuanika juani, mahali penye upepo. Tano, ikikauka kabisa, ikunje na kuiweka katika mfuko safi wa kitambaa. Doa likibaki si kitu. Unyevu ukibaki ndiyo hatari. Wala sodo haiazimwi, hata kwa dada wa tumbo moja.

MWALIMU: Lakini Bibi, jua letu unalijua. Mufindi na Kilolo, kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu hukaa mpaka saa nne za asubuhi. Wachuma chai hutoka shambani nguo zimelowa. Sodo itakauka wapi?

MUUGUZI: Ikamue kwanza ndani ya taulo kavu. Uianike kwenye upepo mchana, na jioni uilete ndani karibu na jiko, si juu ya moshi. Mwisho uipige pasi. Pasi ya mkaa inafaa sana. Joto lake hufukuza unyevu uliojificha kati ya tabaka, na huua vijidudu vingi. Kisha iguse kwa shavu lako. Ukihisi ubaridi, bado haijakauka.

MWALIMU: Na Isimani, ambako jua liko ila maji ni ya kutafuta?

MUUGUZI: Huko tenga ndoo moja kwa kazi hii. Maji ya kusuuzia sodo ya kwanza yatumike kulowekea ya pili. Maji ya mwisho ya kusuuzia ndiyo yawe safi kabisa. Na popote uwapo, ukiona haya, tandaza kanga nyepesi juu ya kamba. Upepo utapita.

MWALIMU: Tumesikia pia habari za kikombe cha hedhi.

MUUGUZI: Ndiyo. Ni kikombe kidogo cha silikoni, laini kama mpira. Hukunjwa na kuingizwa ukeni, nacho hukinga damu badala ya kuinyonya. Si jambo jipya: Mmarekani aitwaye Leona Chalmers alipata hataza ya kikombe cha namna hiyo mwaka 1937. Mwaka 2019 jarida la udaktari The Lancet Public Health lilitoa uchunguzi uliokusanya tafiti 43, zenye wanawake na wasichana wapatao 3,300. Uliona kwamba kikombe ni salama na kinafanya kazi vizuri. Kikitunzwa huweza kudumu hata miaka kumi.

MWALIMU: Masharti yake?

MUUGUZI: Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kukigusa. Kimwage kabla ya saa 12 kupita. Kabla ya kukitumia mara ya kwanza, na kila hedhi iishapo, kichemshe kwa dakika tano katika kopo lake peke yake. Mwenye kitanzi cha uzazi wa mpango amwone muuguzi kwanza, maana kukivuta kikombe huweza kukivuta na kitanzi. Tena kina bei kubwa mwanzoni, na wengine huhitaji miezi miwili au mitatu kukizoea.

MWALIMU: Wazazi wengine huogopa kwamba kitamharibia binti ubikira.

MUUGUZI: Ubikira ni kutolala na mwanamume, si habari ya chombo. Hata hivyo asilazimishwe mtu. Asiyetaka kikombe, sodo inamtosha.

MWALIMU: Ni lini mtu aende zahanati?

MUUGUZI: Akiwashwa au kutoa harufu mbaya isiyokwisha, akiwa na homa na maumivu chini ya kitovu, damu ikitoka zaidi ya siku saba, au sodo ikilowa kabisa kila saa moja. Damu nyingi kila mwezi huleta upungufu wa damu, na binti huchoka na kusinzia darasani. Watu humwita mvivu, naye ni mgonjwa.

MWALIMU: Ahsante sana, Bibi. Wasikilizaji, mabinti wengi wa Iringa huondoka nyumbani mapema: wengine kwenda shule za bweni, wengine kwenda kazi za ndani Dar es Salaam. Mama au shangazi asiyemfundisha binti jambo hili humwacha akajifunze kwa kuumia. Nawe baba, funga kamba nyuma ya nyumba, mahali penye jua. Huhitaji kusema neno lolote. Binti ataelewa. Kwaherini.

Maswali ya kujadili darasani
1. Kwa nini sodo hulowekwa katika maji baridi kwanza?
2. Ni nini hasa huleta madhara: kitambaa au unyevu? Eleza.
3. Mwanamke anatumia sodo nne kwa siku, nazo hukauka kwa siku mbili. Anahitaji ngapi?
4. Katika kijiji chenu, kamba ya kuanikia sodo iwekwe wapi ili mabinti wasione haya?

Kazi ya nyumbani: Shona sodo moja, uifue, uianike, kisha uandike sentensi tatu kueleza ilichukua muda gani kukauka.