Kingamwili Zinazong'aa na Kichocho cha Pemba

Mayai ya kichocho hayatoki kwa kiasi kilekile kila siku. Mtu mwenye minyoo michache anaweza kutoa mililita 10 za mkojo, zikachujwa na kichujio kikaangaliwa kwa hadubini, lisionekane yai hata moja, ilhali minyoo imo katika mishipa ya damu karibu na kibofu. Kisiwani Pemba, ambako ugawaji wa dawa ya prazikwanteli umepunguza sana maradhi haya, watu wa aina hii ndio wanaoyaendeleza: mkojo wao ukiingia kwenye kijito au bwawa, konokono wa Bulinus huambukizwa upya.

Njia nyingine ni kumtafuta mnyoo mwenyewe. Mnyoo aliye hai hucheua ndani ya damu sukari tata iitwayo CAA, ambayo hupita kwenye figo na kutoka na mkojo. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, huinasa kwa kingamwili za panya wa maabara. Kingamwili hushika umbo moja tu, na uchaguzi huo ni mkali ajabu: ile iitwayo PK136, inayotumika kutambua kipokezi cha NK1.1 kwenye seli za kinga ziitwazo seli uuaji asilia, hufanya kazi kwa panya wa ukoo wa C57BL/6 lakini haishiki chochote kwa wale wa BALB/c.

Kingamwili haionekani kwa macho, kwa hiyo hubebeshwa kitu kinachong'aa. Albert Coons na wenzake wa Harvard walianza kuiunganisha na rangi ya namna hiyo mwaka 1941. Rangi iliyozoeleka zaidi, fluoreseini, hupokea mwanga wa buluu na kutoa wa kijani. Kasoro yake ni kwamba vitu vingi vya mwilini navyo hung'aa vikimulikwa buluu, na alama hafifu humezwa na mng'ao huo.

Kipimo cha CAA kinalikwepa tatizo hili kwa ustadi mkubwa. Kingamwili zake hupachikwa kwenye chembe za madini zinazopokea mionzi ya infraredi, isiyoonekana, na kutoa mwanga wa kijani. Hakuna kitu cha asili katika mkojo kifanyacho hivyo. Mandhari hubaki giza, na hata mng'ao mdogo una maana. Mililita 2 za mkojo hutiwa asidi, huzungushwa kwa mashinepewa, hukolezwa, kisha huchanganywa na chembe hizo na kupandishwa kwenye utepe. Penye CAA, chembe hunasa kwenye mstari mmoja, na mashine husoma mwanga wake.

Mkojo uliokusanywa Zanzibar mwaka 2013 ulipopimwa hivyo, walionekana wenye maambukizi wengi kuliko waliogunduliwa kwa kuchuja mara moja. Hata hivyo kuchuja bado ni kazi ya kawaida katika Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyofunguliwa Wawi, Chake Chake, mwaka 2000, kwani ni rahisi na hakuhitaji mashine ya kusoma mwanga. Kwa kisiwa kinachotaka kuumaliza ugonjwa, kipimo cha CAA kina thamani kubwa zaidi katika shehia ambazo hadubini haioni mayai tena.