Taa ya Onyo: Mzee Huchelewa Kuiona, Kijana Huidharau

Tulikuwa tumekwisha ipita Chalinze, tukielekea Morogoro, wakati taa ndogo nyekundu yenye umbo la birika ilipowaka mbele ya baba mdogo. Yeye, mwenye umri wa miaka 67, hakuiona, kwa kuwa jua la jioni lilikuwa usoni pake. Mwanawe aliyeketi ubavuni aliiona mara moja, lakini alinyamaza, akidhani ni jambo la kusubiri hadi mjini. Maandishi yaliyotokea kando ya taa yalikuwa ya Kijapani. Tulisimama pale tu injini ilipoanza kugonga. Ilikuwa imekwisha haribika.

Ndugu msomaji, lawama hii ni ya nani? Kwa mzee, sehemu kubwa ni ya umri. Baada ya miaka 40 hivi, lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu. Macho yaliyokuwa yakitazama mbali huchukua muda zaidi kuona vizuri kilicho karibu, na muda mwingine tena kurudi barabarani. Isitoshe, mwanga unaofika ndani ya jicho la mtu wa miaka 60 ni takriban theluthi moja tu ya ule wa kijana wa miaka 20. Masikio nayo hupoteza kwanza sauti nyembamba, na kengele za magari mengi ni nyembamba.

Muda huo si wa kuchezewa. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Mwaka 2013 idara ya usalama barabarani ya Marekani ilishauri kwamba vyombo vya garini visimfanye dereva aondoe macho barabarani kwa zaidi ya sekunde 2 kwa mara moja. Hata hizo ni mita 44 za kwenda kama kipofu.

Kijana ana macho mepesi, lakini aghalabu hajapata kuona injini ikifa. Taa anaiona, uzito wake haujui. Tena, kengele iliayo mara kwa mara huzoeleka. Tangu Julai 2024, kila gari jipya liuzwalo katika Umoja wa Ulaya sharti liwe na chombo cha kumwonya dereva apitishaye mwendo. Wako wanaokizima kila wawashapo gari.

Basi yafaa jamaa wajifunze pamoja gari likiwa limesimama. Fungua swichi bila kuwasha injini: taa nyingi za onyo zitawaka. Mzee na kijana wazitaje moja moja. Nyekundu maana yake simama mahali salama, uzime injini. Ya manjano yakutaka uende taratibu, umwone fundi mapema. Kijani na buluu hukuarifu tu kwamba kitu fulani kimewashwa. Maandishi yakiwa ya lugha ngeni, fundi aulizwe kama yaweza kubadilishwa. Mwanga wa dashibodi uongezwe, na mzee amwone daktari apate miwani ya mbali na karibu.

Aketiye kando ya dereva naye ana wajibu: akiona taa, aseme. Siku hizi baba mdogo, kila baada ya mwendo mrefu, huuliza, "Mwanangu, kuna taa?" Kijana hutazama kwanza, ndipo amjibu. Tahadhari kabla ya hatari.