Kasi ya Usimbaji Fiche na Siri ya Mgonjwa

Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali moja niliyopata kuitumikia, ilipotea kompyuta mpakato iliyohifadhi picha za CT-skani. Hasara hiyo ingevumilika iwapo taarifa zilizokuwamo zingekuwa zimesimbwa. Hazikuwa. Usimbaji fiche ulikuwa umezimwa kwa sababu, kama tulivyozoea kusema, "unachelewesha kazi." Mama mmoja, ambaye picha zake zilikuwamo, aliniuliza: "Daktari, ni nani sasa anayeujua ugonjwa wangu?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimetambua kuwa kasi ya usimbaji si suala la wahandisi pekee, kwani ulinzi unaowachosha watumiaji huishia kuzimwa.

Usimbaji fiche ni nini?

Ni kugeuza taarifa ziwe mchanganyiko usiosomeka bila ufunguo, ambao ni namba ndefu ya siri. Njia iliyoenea zaidi ni AES, iliyobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na kupitishwa kuwa kiwango rasmi cha Marekani mwaka 2001. Ilirithi nafasi ya DES ya mwaka 1977, ambayo ufunguo wake wa biti 56 ulikuwa mfupi mno. Mwaka 1998 mashine iliyoundwa mahsusi iliugundua kwa muda usiofika siku 3.

AES hukata taarifa katika mafungu ya baiti 16, na kulipitisha kila fungu katika mizunguko 10, 12 au 14, kutegemea urefu wa ufunguo. Tuchukue mfano wa picha moja ya CT-skani yenye nukta 512 kwa 512, kila nukta ikichukua baiti 2. Picha hiyo ina mafungu 32,768. Uchunguzi wenye picha 400 una mafungu zaidi ya milioni 13, hivyo mizunguko zaidi ya milioni 130 kwa mgonjwa mmoja tu.

Kasi huongezwaje?

Programu ya kawaida huutekeleza kila mzunguko kwa hatua ndogondogo nyingi. Suluhisho ni kuihamishia kazi hiyo kwenye maunzi, yaani saketi zilizojengwa kwa ajili yake. Fikiria kliniki yenye vituo 10, kuanzia mapokezi hadi dawa. Iwapo mgonjwa wa pili atazuiwa mlangoni mpaka wa kwanza amalize vituo vyote, foleni haitakwisha. Lakini wa kwanza anapohamia kituo cha pili, wa pili akaingia cha kwanza, vituo vyote hufanya kazi kwa pamoja. Ndivyo saketi hizo zinavyopangwa: kila mzunguko hupewa kituo chake. Saketi yenye mapigo milioni 100 kwa sekunde, ikikamilisha mzunguko mmoja kwa kila pigo, ingeusimba uchunguzi wetu kwa takribani sekunde 1.3 kwa mtindo wa kwanza, na sekunde 0.13 kwa mtindo wa pili.

Hata hivyo, foleni hiyo haifai kila mahali. Katika mtindo wa CBC, fungu halianzi kusimbwa kabla ya matokeo ya fungu lililotangulia kupatikana. Mtindo wa GCM hauna kikwazo hicho, na zaidi ya hayo hugundua taarifa zilizochezewa.

Tangu mwaka 2010, vichakataji kadhaa vya Intel vimekuwa na amri zinazotekeleza mzunguko mzima wa AES kwa mkupuo. Faida yake si kasi tu. Programu zinazotumia majedwali zinaweza kuvujisha dalili za ufunguo kupitia tofauti ndogo za muda wa kazi; amri hizi huepuka majedwali hayo.

Vifaa vidogo

Simu za bei nafuu, ambazo wengi wetu hutumia kazini, mara nyingi zilikosa saketi hizo. Android 6.0 ilizisamehe simu zenye AES ya polepole wajibu wa kusimba taarifa. Mwaka 2019 Google ilitangaza Adiantum, njia inayokwenda haraka hata pasipo saketi za AES.

Kwa vifaa vinavyopandikizwa mwilini, tatizo ni betri. Mwaka 2008 watafiti nchini Marekani walionyesha kuwa kifaa cha kushtua moyo kiliweza kusomwa na hata kubadilishwa mipangilio yake kwa mawimbi ya redio. Ni kwa ajili ya vifaa vidogo vya namna hiyo kwamba njia nyepesi kama PRESENT, ya mwaka 2007, zimebuniwa zitumie saketi ndogo.

Tufanye nini?

Mhudumu wa afya, usizime usimbaji kwa sababu ya ucheleweshaji. Mwombe fundi akague kama kichakataji kina amri za AES na kama programu inazitumia. Kumbuka pia kuwa saketi yenye kasi haimsaidii mgonjwa iwapo nywila imebandikwa ukutani. Nawe mgonjwa, unayo haki ya kuuliza taarifa zako zinalindwaje. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 zinazitambua taarifa za afya kuwa nyeti.

Swali la yule mama lilistahili jibu. Lingepatikana kwa gharama ya sekunde chache tu.