Tokeni Zinaliwa Wapi? Njia Nne za Kuhuisha Orodha ya Kazi

Saa nne asubuhi nilimuuliza wakala wangu wa akili mnemba: sare za darasa la kwanza zimefikia wapi? Akajibu bila kusita kwamba mashati 40 bado hayajawekwa vifungo. Nikamfuata fundi mezani kwake. Mashati yalikuwa yamekunjwa na kufungwa kwenye mfuko, naye simu mkononi. "Dada, nilishatiki tangu saa tatu." Kweli, alikuwa ametiki. Wakala alikuwa bado anasoma orodha aliyoichota saa mbili, na hakuna aliyemwambia arudi kuangalia.

Kwa hasira nikaagiza aichote upya orodha nzima kila baada ya dakika 5. Majibu yakanyooka. Mwisho wa wiki nikafungua salio la matumizi, nikashika kichwa.

Kinacholipiwa

Tangu Anthropic ilipotoa MCP, kanuni ya kuunganisha modeli na programu nyingine, Novemba 2024, kumuunganisha wakala na programu za kupanga kazi kama Todoist, Trello, Asana au Notion kumekuwa kazi nyepesi. Kuchota orodha yenyewe hakugharimu sana. Ni maandishi matupu, hata bando halishtuki. Pesa inaondoka pale modeli inapoisoma. Kila kipande cha neno ni tokeni, na tokeni huisha kama uniti za LUKU: kadiri utumiavyo.

Tena kuna ulaji wa chini kwa chini. Orodha ikishaingia kwenye mazungumzo hubaki humo, na modeli huipitia tena kila unapouliza swali jipya. Ni kama mwenye duka ambaye kila mteja akiuliza deni lake, yeye huanza kusoma daftari kutoka ukurasa wa kwanza, pamoja na kurasa zilizokwisha kufutwa.

Tupige hesabu

Tuseme una kazi 200, kila moja ikila tokeni 100 kwa jina, tarehe na maelezo yake. Orodha nzima ni tokeni 20,000. Tuchukue bei ya dola 3 kwa tokeni milioni zinazosomwa, siku 26 za kazi kwa mwezi, saa 10 kwa siku, na tuuache kwanza ule ulaji wa chini kwa chini.

Njia ya kwanza: orodha nzima kila dakika 5. Ni mara 120 kwa siku, tokeni milioni 2.4, dola 7.20. Kwa mwezi ni dola 187.20. Hii ndiyo niliyoichagua mimi kwa hasira.

Njia ya pili: orodha nzima unapouliza tu. Ukiuliza mara 8 kwa siku, unatumia senti 48. Kwa mwezi dola 12.48. Inafaa kwa mtu anayefanya kazi peke yake, ambaye orodha haibadiliki bila yeye kujua.

Njia ya tatu: mabadiliko tu. Todoist, kwa mfano, hukupa alama kila unapochota. Ukirudi nayo, unapewa yaliyobadilika tangu safari ile. Tuseme mabadiliko na maelekezo ya wakala vinafika tokeni 1,000. Ukiuliza mara 8, ni senti 2.4 kwa siku, kama senti 62 kwa mwezi. Lakini si kila kiunganishi cha wakala na programu kinaitumia alama hiyo. Vingine huzoa orodha nzima kila mara. Uliza kabla ya kukifunga.

Njia ya nne: programu ikubip. Trello, Asana na Todoist zinaweza kutuma taarifa kwenye seva yako mara tu kazi inapobadilika, badala ya wewe kwenda kugonga mlango kila dakika. Hakuna data mpya kuliko hiyo. Tatizo ni kwamba anayebipiwa lazima awe hewani muda wote, na anwani yake ifikike kutoka nje. Kompyuta mpakato inayozimwa jioni haiwezi. Utalipia seva, na huenda na mtu wa kuiangalia.

Kugonga mlango mno nako kuna mipaka. Asana huruhusu maombi 150 kwa dakika kwa asiyelipia. Notion wastani wa maombi 3 kwa sekunde. Ukizidisha, unarudishwa na kosa namba 429, na wakala asiyeelekezwa vizuri hujaribu tena na tena huku tokeni zikiteketea.

Na wewe unayelipa dola 20 kwa mwezi kwa huduma ya mazungumzo usidhani hesabu hii haikuhusu. Hutaona bili ikipanda. Utaambiwa kikomo kimefika, subiri, tena katikati ya siku ya kazi.

Nilichochagua

Sikuhitaji seva. Nimeweka programu ndogo kwenye kompyuta ya ofisini inayochota mabadiliko kila dakika 5 na kuyahifadhi kwenye faili. Modeli haihusishwi, kwa hiyo kazi hiyo haili hata tokeni moja. Nikiuliza habari za sare, wakala husoma mistari ya sare tu. Mapazia ya mteja mwingine hayagusi.

Kama wewe hujui kuandika programu, anza na njia ya pili, na ufungue mazungumzo mapya kila asubuhi ili usiburuze orodha za jana. Halafu ongeza sentensi moja kwenye maelekezo ya wakala: kila jibu litaje saa orodha ilipochotwa. Siku ile angeniambia "kwa orodha ya saa mbili," ningemwambia aangalie tena kabla sijanyanyuka kwenda kumsumbua fundi.